Kiingereza cha Kurudisha

Swali ninalotaka tulijadili, ndugu msomaji, ni hili: je, mtu anaweza kufungwa na ahadi ambayo hakuitamka? Tumefundishwa kwamba ahadi ni deni, na deni tunalolijua sote ni lile la maneno. Fulani kasema atanilipa Ijumaa. Ijumaa ikifika namdai. Lakini ziko ahadi zinazotolewa kwa kitendo, bila mtu kufungua mdomo. Mwenye duka anayefungua mlango asubuhi ameahidi kuuza. Kondakta anayeita abiria stendi ameahidi kwamba gari litafika. Nami nasema kwamba mtu anayesimama mbele ya watoto akaandika ubaoni neno la Kiingereza ametoa ahadi, apende asipende. Ni ahadi gani hiyo, na nani ataitimiza?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa. Mwaka 2019 nilivuka mpaka pale Lunga Lunga, nikapita Tanga, Chalinze na Morogoro, nikakata kona Mikumi na kuteremka bonde la Kilombero mpaka Ifakara. Kutoka Ifakara nikavuka mto kwenda Lupiro, wilaya ya Ulanga, kwao rafiki yangu mmoja niliyesoma naye. Nilikaa huko miezi mitatu, na kila jioni nilifundisha Kiingereza watoto wa shule ya msingi, mara chini ya mwembe, mara katika chumba tulichoazimwa. Hakuna aliyenilipa. Cheti cha ualimu sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni Ukenya wangu tu, maana Tanzania Mkenya anadhaniwa kazaliwa na Kiingereza mdomoni, kama sisi Wakenya tunavyodhani kila Mtanzania ni mshairi.

Kwa asiyepajua, Lupiro ni njia panda. Barabara inayotoka Ifakara ikifika pale inagawanyika: moja inapanda milimani kwenda Mahenge, nyingine inafuata bonde kwenda Malinyi. Zamani wasafiri walingoja kivuko mtoni. Tangu mwaka 2018 lipo daraja. Pembeni mwa nyumba ni mashamba ya mpunga, na mpunga unataka maji, na maji yanaleta mbu. Watu wake ni Wapogoro, Wandamba na wengineo waliohamia. Kiswahili chao kilininyoosha. Niliposema "stima" watoto walicheka, wakaniambia ni umeme. Niliposema "karo" mmoja akauliza ni samaki wa aina gani. Mambo yakawa nusu kwa nusu: mimi nafundisha Kiingereza, wao wananifundisha Kiswahili, na sijui ni nani aliyefaidi zaidi.

Siku moja mzazi mmoja alinisimamisha njiani. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Hivi, huyu mtoto wangu akijua Kiingereza, atatoka?"

"Atatoka kwenda wapi, baba?"

"Atatoka tu."

Neno hilo lilinikaa kichwani. Vijana wa mjini tunalitumia kila siku: msanii fulani katoka, jamaa katoka kimaisha. Tumefika mahali ambapo kufanikiwa na kuondoka ni kitenzi kimoja. Kesho yake niliwauliza watoto wakijua Kiingereza watafanya nini. Daktari. Rubani. Dereva wa gari la mradi. Kwenda Dar. Hakuna aliyetaja jambo hata moja litakalofanyika Lupiro. Halafu binti mmoja wa darasa la sita, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na nikifeli, Kiingereza nitakirudisha?"

Darasa zima liliangua kicheko. Alikuwa anafikiria vitabu vya shule, vile ambavyo mwanafunzi huazimwa na mwisho wa mwaka anavirudisha. Lakini tulipoachana jioni ile nilijiona nina jambo la kufikiri. Binti huyu alikuwa ameshaelewa, kuliko wasomi wengi, jinsi Kiingereza kinavyogawiwa katika nchi zetu: kama mali ya kuazimwa. Unapewa kwa masharti kwamba utatoka. Usipotoka, hakina kazi kwako.

Tusiwaone wazazi hawa wajinga. Wanajua hesabu yao. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengine. Akiingia kidato cha kwanza mambo yanapinduka: bailojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa anaeleza vizuri jinsi maji yanavyoingia na kutoka shambani, sasa anakaa kimya, na kimya chake kinahesabiwa kuwa ni upungufu wa akili. Jambo hili halikufichika kwa wakubwa. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, na chuo kikuu mwaka 1992. Serikali haikukubali. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari imebaki mikononi mwa Kiingereza. Basi mzazi anayeuliza kama mtoto atatoka anauliza kuhusu lango lililo mbele ya macho yake.

Na mimi, Mkenya, ningeweza kumwambia nini kwa ukweli? Kwetu tulichagua njia nyingine: Kiingereza ndicho kinachofundishia tangu shule ya msingi, na Kiswahili ni somo. Je, tumetoka wote? Njoo Likoni asubuhi, simama kwenye feri, uwasikilize vijana wanaouza maji na karanga. Wengi wamemaliza kidato cha nne, na mtalii akipotea njia watamwelekeza kwa Kiingereza safi. Lugha wanayo, kazi hawana. Kwa hiyo ahadi ile haivunjiki kwa sababu Kiingereza ni haba. Hata kinapojaa kikafurika, kazi ni chache, ada ni kubwa, na wanaojuana wanapeana nafasi. Kiingereza ni tikiti. Lakini tikiti haimfikishi mtu safari kama gari halipo.

Hapa nasikia sauti mbili zikinijibu.

Sauti ya kwanza inasema: wewe fundisha tu, acha falsafa, maarifa hayaozi, na atakayefaulu atafaulu. Sauti hii ina wema ndani yake, lakini ina uvivu pia. Inamhesabu mmoja atakayetoka, inawasahau wengine waliokaa naye chini ya mwembe ule ule. Mkulima anayepanda ekari nzima ili avune shuke moja la kuonyesha wageni, tutamwita mkulima? Na hao waliobaki hawabaki kama walivyokuwa. Wamejifunza jambo moja barabara, nalo ni kwamba wao ni watu walioshindwa kutoka. Mwalimu wa kupita, awe wa Mombasa au wa Ulaya, hulipanda somo hilo bila kujua, kisha anapanda basi.

Sauti ya pili inasema: basi waache na Kiswahili chao, usiwachafue. Hii huvaa nguo ya uzalendo, na wakati mwingine ni uzalendo kweli. Ngũgĩ wa Thiong'o alitueleza mwaka 1986, katika kitabu ambacho vijana wengi wanaoandika wamekisoma au wanajifanya wamekisoma, jinsi lugha ya kigeni inavyoweza kumtenga mtoto na nyumba yake mwenyewe. Sina ubishi naye. Lakini wapo wanaoimba wimbo huo majukwaani na watoto wao wenyewe wako shule za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Kumwambia mtoto wa mkulima abaki na Kiswahili wakati lango lile bado limefungwa kwa Kiingereza ni kumhubiria saumu mtu mwenye njaa. Lango baya halivunjwi kwa kumnyima mtoto ufunguo.

Ikiwa kufundisha ni kuahidi nisichoweza kutimiza, na kutofundisha ni kufunga lango, imebaki nini? Nadhani limebaki swali la binti yule. Tuligeuze liwe kipimo: nifundishe Kiingereza kile tu ambacho mtoto hatakirudisha hata akifeli. Yaani kila somo liwe na faida kwa yule atakayebaki Lupiro maisha yake yote, alime mpunga, avue samaki, auze duka, alee watoto. Akitoka, heri, lakini thamani ya somo isingoje kutoka kwake.

Nitoe mfano. Tulikuwa tunataja majina ya vyakula. Nikaandika "rice". Mvulana mmoja akauliza, ni mpunga, ni mchele au ni wali? Pale si swali la mchezo. Anayeuza mpunga mara tu baada ya kuvuna hapati fedha sawa na anayengoja, akaukoboa, akauza mchele. Na anayeuza mpaka gunia la mwisho, watoto wake wanakosa wali. Uchumi wa nyumba nzima umo katika maneno matatu, na mimi nimekuja na moja. Nikawaambia lipo neno "paddy" kwa mpunga ulio shambani, na kwamba Waingereza hawakulizaliwa nalo. Wamelichukua kwa Wamalei, watu wanaolima mpunga kama wao. Nikaongeza kwamba hata "safari" wamelichukua kwetu. Ungeona nyuso zao! Kumbe Waingereza nao wanaazima! Tangu siku ile walikoma kuona haya. Kiingereza kilishuka kutoka mbinguni kikawa lugha ya watu, inayokopa na kukopwa kama sisi tunavyokopa chumvi kwa jirani.

Somo lile halirudishwi. Hata kama binti yule hataona darasa la sekondari, anajua kwamba lugha yake ina maneno matatu pale wengine wanapotapatapa na moja, na anajua kwamba hakuna lugha isiyoomba.

Lakini kuna sababu nyingine, nayo kwangu ni nzito kuliko zote. Tunasema tunawapelekea watoto wa Lupiro Kiingereza, kana kwamba hakipo. Kiingereza kipo Lupiro siku nyingi, ila kinawasema wao bila kusema nao. Tangu miaka ya 1950 Waswisi waliweka kituo cha utafiti Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na kazi yake ya malaria inajulikana duniani. Lupiro, kwa sababu ya mbu wake, imetajwa katika makala nyingi za kisayansi. Nyumba zake zimeelezwa, vyandarua vyake vimeelezwa, mbu wanaingia saa ngapi na kuuma saa ngapi, yote yameandikwa. Sisemi kwa ubaya. Watoto wengi wako hai kwa sababu ya kazi hiyo. Nasema tu kwamba aliyelala ndani ya nyumba ile hawezi kusoma kilichoandikwa juu ya usingizi wake.

Chukua Idete, ng'ambo ya mto upande wa Kilombero. Mwaka 1993 ulianza pale uchunguzi wa chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Watoto wa kati ya mwaka 1 na 5 walichanjwa, wazazi wao wakakubali. Matokeo yalichapishwa London mwaka 1994 katika jarida la *The Lancet*: chanjo ilizuia ugonjwa kwa asilimia 31. Damu ilikuwa ya Idete, habari ikaandikwa kwa lugha ya London. Chukua tena bonde lenyewe. Mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ni heshima kubwa. Lakini mpaka wa ardhi hiyo ukichorwa, ni shamba la nani liko ndani na la nani liko nje? Ripoti za mambo kama hayo mara nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Mwenye shamba anasikia habari zake kutoka kwa mtu wa tatu, kama mgonjwa anayesikia daktari akimweleza muuguzi.

Hii ndiyo haki ninayoitetea: haki ya mtu kusoma alichoandikiwa. Haimtaki mtoto atoke kwao. Inamtaka abaki akiwa na macho. Mtu mmoja katika kitongoji, mmoja tu, anayeweza kuchukua karatasi iliyoletwa na gari la mradi, akakaa na kamusi akawaeleza wenzake imesema nini, huyo ameshalipa gharama ya masomo yote. Ndiyo maana wiki zangu za mwisho niliacha nyimbo na michezo ya matamshi. Tulikaa na kamusi ya Kiingereza–Kiswahili, ile ya TUKI iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, tukajifunza kutafuta. Neno linaanzia wapi, maana zake ni ngapi, ipi inakaa katika sentensi hii. Mwalimu wa miezi mitatu akiondoka, nyimbo zake zinaondoka naye. Kamusi haipandi basi.

Mtu atasema: hilo ni deni la mtoto tu? Anayeandika je, hana deni? Analo, tena kubwa zaidi. Aliyekwenda kwa mwenzake akachukua habari zake anapaswa kumrudishia kwa lugha yake. Ni adabu ya kawaida. Ukiazima sinia la jirani hulirudishi tupu. Na mambo yanaweza kubadilika wakubwa wakitaka. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Kwa miaka mingi kabla ya hapo mkulima aliweza kushinda au kushindwa kesi ya shamba lake na hukumu asiielewe. Aliyejua Kiingereza alikuwa na faida hiyo juu yake. Siku moja Bunge likaamua faida hiyo si ya haki. Lango lile la sekondari nalo limejengwa na binadamu.

Nawageukia ninyi mnaoandika, maana jambo hili linatuhusu kuliko tunavyokiri. Nasi tunalo "kutoka" letu. Tunadhani mwandishi katoka siku kitabu chake kinapochapishwa London au New York. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa *Paradise* mwaka 1994, mwaka ule ule wa habari za Idete. Ni hadithi ya pwani yetu na njia za misafara ya bara. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Kiswahili kilikipata kitabu hicho mwaka 2022, kwa jina *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Kitabu kimetuzungumza miaka 28 kabla hakijazungumza nasi. Simlaumu mwandishi, mtu huandika kwa lugha aliyonayo mkononi. Nauliza sisi tuliokuwa na Kiingereza miaka yote hiyo tulikuwa tunakifanyia nini.

Yupo aliyetuonyesha njia mapema. Julius Nyerere alisoma Edinburgh, Kiingereza alikuwa nacho cha kutosha na cha kubaki. Mwaka 1963, akiwa na nchi changa mikononi, alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare, na mwaka 1969 ikafuata *Mabepari wa Venisi*. Mtu yule alikwenda kwa Shakespeare akarudi na mzigo kichwani, akautua nyumbani. Kwake Kiingereza kilikuwa kisima cha mbali: unakwenda, unateka, unarudi na maji. Hakuna anayemsifu mtekaji aliyehamia kisimani.

Hapo ndipo jibu langu kwa swali la ahadi linapokaa. Naam, kufundisha Kiingereza ni kuahidi, na ahadi ya kutoka si yangu kuitoa, maana funguo zake hazipo mfukoni mwangu. Iko ahadi nyingine ambayo mwalimu yeyote, hata wa kupita, anaweza kuitoa na kuitimiza palepale: kwamba utasoma unachoandikiwa, kwamba hutaionea haya lugha uliyonyonya, na kwamba ukipata cha huko utakuwa na njia ya kukileta huku. Binti yule aliuliza kama Kiingereza atakirudisha. Neno lake lina maana mbili, na darasa lilicheka moja tu. Kukirudisha kwa aliyekuazima ni aibu ya aliyeshindwa. Kukirudisha nyumbani, kikiwa kimebeba kitu, ni kazi ya mtu mzima. Watakaofanya kazi hiyo wengine wako chini ya miembe ya Ulanga, na wengine tunao hapa kurasani. Tusiwangoje watoke.